Nilivyokwenda Kimulot Kuuliza Habari ya Ukanda

Jumapili, tarehe 12 Februari 1956, ndugu yangu mdogo Kiplangat alianguka kutoka juu ya mti katika msitu ulio nyuma ya Kimulot, akafa kabla hawajamfikisha barabarani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Barua ya karani wa shamba la chai alikofanya kazi ilitufikia hapa Siongiroi siku ya Alhamisi, na wakati huo alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nawaandikia nyinyi wa nyumbani habari ya safari niliyokwenda baadaye, kwa sababu wengi mmeniuliza na mimi nimewajibu nusunusu. Sikwenda kuona kaburi tu. Nilikwenda na swali moja, na baadhi yenu mnalijua, maana mlikuwapo.

Mnakumbuka Kiplangat alivyokuja likizo mwezi wa Desemba. Siku za kazi alichuma chai, na Jumapili aliingia msituni kutazama mizinga ya nyuki pamoja na mzee mmoja aliyekuwa akimfundisha kupanda. Alituonyesha ukanda wa ngozi ya ng'ombe alioutengeneza mwenyewe, mpana kama kiganja. Aliuzungusha kwenye nguzo ya ghala na kwenye kiuno chake, akaegemea nyuma, akaachia mikono yote miwili. "Mnaona?" akasema. "Mti unanishika wenyewe." Watu walijaa uani, na wenzetu wa rika walikuwapo. Mimi ndiye niliyesema, "Mwanamume akishatoka jandoni hafungwi tena. Anayefungwa ni ndama." Watu walicheka sana. Mmoja wenu akalia kama ndama. Kiplangat naye alicheka, akaufungua ukanda. Aliporudi kazini Januari, tuliukuta umetundikwa msumarini nyuma ya mlango.

Basi nilitaka kujua kama siku aliyoanguka alikuwa amejifunga kitu chochote. Kama alikuwa amejitengenezea ukanda mwingine, basi maneno yangu yalikuwa mzaha tu, yakapita. Kama hakuwa nao, ilinipasa nijue, na nirudi nimwambie mama.

Jumatatu ya kwanza ya Machi, asubuhi, niliondoka nyumbani kwa miguu. Ndani ya mfuko wangu nilikuwa na shuka, viazi vya kuchemsha, na ule ukanda. Sikujua naupeleka wapi, ila sikuweza kuuacha pale msumarini. Mama alinipa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mkaa, niwapelekee watu waliombeba mwanawe. Alinisindikiza mpaka kwenye michongoma, akasema neno moja tu: "Muulize huyo mzee kama alisema kitu." Nikamwambia nitauliza. Sikumwambia kwamba nina swali langu mwenyewe.

Nchi yetu yote ya Chepalungu ilikuwa kavu. Ng'ombe walisimama wakielekeza vichwa vyao upande wa mawingu, na mawingu yenyewe yalikuwa mbali, juu ya Mau. Nilifika Bomet jioni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, nikalala kwa mtu wa kanisa letu.

Jumanne asubuhi, Bomet. Nilipata lori lililokwenda kuchukua kuni upande wa Konoin. Dereva, Mluo mnene mwenye sauti nzuri, alinikaribisha mbele kwa sababu utingo wake alikuwa mgonjwa. Tulivuka mto Kipsonoi, na baada ya hapo barabara ikaanza kupanda, hewa ikawa baridi, nchi ikageuka kijani.

"Unakwenda kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa mzee arap Tonui, Kimulot. Wa nyuki."

"Yule nyani?" Akapiga usukani kwa furaha. "Bwana, yule si mtu! Anapanda mti ambao mimi kuutazama tu napata kizunguzungu. Hana kamba, hana chochote. Safari moja nilimpa tumbako apande tena, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimefumba macho."

"Akapanda?"

"Akapanda! Tena akanisalimia kutoka juu kwa mkono mmoja." Akacheka, halafu akaniangalia. "Wewe ni jamaa yake?"

Nikamwambia mimi ni ndugu wa yule kijana aliyeanguka. Aliendesha akitazama barabara tu. Tulipofika njia panda ya kwenda Kimulot alisimamisha lori, akashuka mwenyewe kunifungulia mlango, maana ulikuwa haufunguki kwa ndani. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Mimi tumbako nilimpa yule mzee. Kijana sikuwahi kumpa." Sikuwa nimemwuliza.

Adhuhuri nilifika shambani. Wale ambao hamjafika huko, chai imepandwa kuanzia barabara mpaka vilima vinapoishia, imekatwa juu sawasawa, nanyi mngesema mtu anaweza kutembea juu yake. Wachumaji walikuwa katikati yake mpaka kiunoni, vikapu mgongoni, wakitupa majani nyuma bila kutazama. Karani aliyeandika barua alitoka ofisini akanipeleka. Kaburi liko pembeni, chini ya mikaratusi, na watu wa laini yake, safu ya nyumba za wafanyakazi alikokaa, walikuwa wamelizungushia mawe. Mtu fulani alikuwa ameliondolea magugu siku si nyingi.

"Nyapara aliniambia niandike kwamba ilikuwa siku ya mapumziko," karani akasema, "ili ijulikane si kazi ya shamba."

"Ni kweli," nikamwambia. "Haikuwa kazi ya shamba."

Alinipa vitu vya Kiplangat: blanketi, sufuria, kioo kidogo, na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Niliomba. Nilikaa pale kama saa moja. Nilijaribu kulia nikashindwa, na hili pia nawaambia kama lilivyokuwa.

Saa tisa alasiri, mpakani mwa msitu. Nyumba ya arap Tonui iko mahali chai inapokwisha na msitu unapoanza. Mvua ya mawe ilinikuta njiani, nikaingia kwake nikikimbia, mfuko kichwani, kabla ya kupiga hodi.

"Chamgei," mke wake akanisalimu, kana kwamba kila siku watu huingia hivyo. Jina lake ni Tapsabei. "Kaa karibu na moto. Wewe ni wa Siongiroi. Una masikio yake."

Arap Tonui ni mtu mfupi, mkavu, mwenye mvi, na vidole vyake vya miguu vimepanuka kama vya mkono. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alipokunywa na kusifu maziwa, nikamwuliza kwanza la mama.

"Alisema kitu?"

"Alisema," mzee akajibu. "Niliita watu, tukamtengenezea machela ya matawi. Akasema, 'Msisahau viatu vyangu.' Alikuwa amevivua chini ya mti. Akarudia mara mbili. Baada ya hapo hakusema tena."

Viatu vilikuwa kando yangu, pale sakafuni. Tapsabei aliviangalia. "Mimi ndiye niliyerudi kuvichukua," akasema. "Na mimi ndiye niliyevipiga rangi."

Mawe ya mvua yalikuwa yakipiga paa. Nilingoja yapungue. Ndipo nikauliza la kwangu.

"Mzee, siku ile alikuwa amejifunga ukanda?"

"Mvua hii itaharibu chai ya Wazungu," arap Tonui akasema.

"Mjibu mtoto wa watu," mkewe akamwambia.

"Hakuwa nao."

"Kamba je? Kitu kingine?"

"Hakuwa na kitu. Mikono na miguu, kama mimi." Alichokoa moto. "Mwaka jana alikuwa akijifunga. Tangu arudi kutoka kwenu, hapana. Nilimwuliza. Akasema nyumbani wamemwambia hiyo ni kazi ya ndama. Nikacheka. Nikamwambia watu wa kwenu wana akili."

"Mimi ndiye niliyesema," nikamwambia.

 Nilitoa ukanda mfukoni nikauweka chini kati yetu. Arap Tonui hakuugusa.

Baadaye alinieleza ilivyokuwa, naye hakuficha. Walikuwa watu wawili tu. Kiplangat alikwisha kufungua mzinga, alikuwa akishuka na mfuko wa asali begani. Gome lilikuwa na unyevu. Mfuko ulimlemea upande mmoja, akataka kuuhamishia bega la pili. Kazi hiyo inataka mikono miwili. Mwenye ukanda huegemea nyuma, akahamisha mzigo polepole, akaendelea. Asiye na ukanda huvumilia maumivu ya bega, akashuka nayo hivyohivyo mpaka chini. "Mimi ningeshuka na maumivu," mzee akasema. "Yeye mwili wake ulikuwa umezoea ukanda. Aliegemea."

Nimeandika neno hilo kama alivyolisema. Aliegemea, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Ungemwambia apande kwa ukanda," nikasema. Nilitaka kumkasirikia.

"Kwa nini nimwambie? Baba yangu hakufungwa. Mimi sijafungwa. Nimepanda tangu kabla baba yako hajaoa."

"Na magoti yako yanasimulia hayo kila asubuhi," Tapsabei akasema.

"Nyamaza, mama. Kila mtu na mwili wake. Akiamua kupanda hivi au vile, ni shauri lake."

"Ni shauri lake akiwa juu," akajibu mkewe. Hakupandisha sauti. "Akiwa chini ni shauri letu. Nani alimbeba? Nani alimwosha? Wewe ulikuwa umekaa nje unatetemeka. Na siku utakayoanguka wewe, nitakuosha mimi, na mgongo huu ninao mmoja. Huwa unaniuliza unapokwenda?"

Arap Tonui alinitazama kama mtu anayeomba msaada. "Unaona jinsi ninavyoishi?" akasema. Tukacheka wote watatu, kidogo. Sikutegemea kwamba ningecheka katika nyumba ile.

Jumatano asubuhi, msituni. Mzinga wa Kiplangat wa pili ulikuwa bado juu, katika mti uleule alioanguka, mti wa podo. Kwao wenye mizinga hawali asali ya marehemu mpaka ndugu yake apelekewe ya kwanza, na mzee alikuwa akimngoja mtu wa kwetu afike. Alisema atapanda anitolee asali ya mama.

"Ukijifunga, sawa," nikamwambia. "Usipojifunga, sitaichukua."

Alibishana nami njia nzima. Tapsabei alikuja nasi akiwa amebeba majani makavu ya moshi. Chini ya mti mzee alisalimu amri. Alisimama huku mkewe akimfunga ukanda wa Kiplangat, amegeuza uso pembeni kama mtoto anayepakwa dawa.

"Ndama wangu," Tapsabei akasema, akivuta fundo. "Tena ndama mzee, hata bei hana."

Mti ule ni mrefu kuliko mnara wa kanisa lolote nililoliona, na chini hauna tawi. Mizizi ya kutambaa imeuzunguka, humo ndimo wanamoshika. Pale alipoangukia Kiplangat nyasi zilikuwa zimekwisha kuinuka. Kabla mzee hajaanza, Tapsabei alinionya: mtu akiwa mtini haitwi jina. Ukimwita, atatazama chini. Mnaweza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe kama kawaida, lakini jina lake mnalimeza mpaka mguu wake ukanyage ardhi.

Akapanda. Mwanzoni alikuwa mzito, akisogeza ukanda, akisogeza miguu, akilaani. Nyuki walianza kutoka. Alipofika nusu ya mti alisimama, nikaona mkono wake mmoja ukienda kiunoni. Nikajua. Akaufungua. Akaufunga kwenye mzizi pale alipokuwa, akaendelea mikono mitupu, sasa mwepesi, haraka, mtu mwingine kabisa. Nasema kweli: ilikuwa nzuri kutazama. Kwa muda mfupi nilielewa kwa nini yule dereva alitoa tumbako.

Kisha nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilitaka kumwita. Jina lilikuwa mdomoni. Tapsabei alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana, huku yeye mwenyewe akizungumza kwa sauti ya kawaida kuhusu kuku wake mmoja anayetaga vichakani. Alizungumza habari ya kuku huyo muda wote ambao mumewe alikuwa juu. Kucha zake ziliniacha alama nne. Nikafikiri: huyu amesimama hivi kwa miaka mingapi?

Alishuka salama. Mfuko ulikuwa umejaa. Ukanda wa Kiplangat ulibaki kulekule juu.

"Umeona?" akaniambia, akihema. "Nimefika."

"Nimeona," nikasema. "Hata ndugu yangu alifika. Mara nyingi sana alifika."

Uso wake ulibadilika. Aliketi chini ya mti akatoa miiba ya nyuki shingoni, mmoja mmoja. "Uliniumiza kiuno," akasema baadaye, taratibu, lakini si kwangu, nadhani ni kwa ule ukanda. Kisha akasema, "Nilipaswa kumwuliza mara ya pili. Nilimwuliza mara moja tu, kisha nikacheka."

Tapsabei hakumpa pole. Alimpa maji.

Nilikuwa nimesema sitaichukua asali ile. Niliichukua. Mama anapenda asali, na mti alioukwea Kiplangat usingetoa tena nyingine kwa mkono wake.

Alhamisi, njia ya kurudi. Sikupata lori, nikatembea kutoka Kimulot mpaka Kipsonoi, chai kulia na kushoto. Niliyojifunza niliyapanga nikiwa natembea, nayo ni machache. Nilidhani nitamkuta mtu wa kulaumu huko, ili mzigo wangu upungue. Nilimkuta mzee aliyefanya kosa sawa na langu, kwa kicheko sawa na changu, naye anaishi nalo kwa kupanda tena. Sijui kama mtu ana haki ya kupanda bila kamba. Arap Tonui anasema anayo, na sikuweza kumshinda kwa maneno. Lakini najua kwamba aliye juu hapandi peke yake. Aliyetoa tumbako amo, aliyesifu amo, na aliyemcheka alipotaka kujifunga amo zaidi ya wote. Huyo ni mimi. Mtu akijifunga ili arudi nyumbani, mwacheni ajifunge.

Ijumaa alasiri, nyumbani. Mama alikuwa uani amekalia ngozi, anachambua wimbi kwenye ungo. Niliweka asali mbele yake, nikampa habari ya kaburi na mawe na mikaratusi. Nikamwambia neno la mwisho alilosema.

"Viatu," mama akasema.

"Ndiyo. Nimevileta."

"Alivinunua vikambana. Nilimwambia avibadilishe." Akaendelea kuchambua.

Nikabaki nimesimama, nikamwambia lililobaki. Nikamwambia kwamba hakujifunga, na kwa nini hakujifunga, na ni nani aliyesema yale maneno. Sikupunguza. Vidole vyake vilisimama juu ya wimbi.

"Ulicheka peke yako?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Watu wote walicheka. Lakini ni mimi niliyesema."

"Mimi nilikuwa jikoni, nachemsha chai ya wageni," akasema. "Nilikusikia vizuri. Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa."

 Mama alisogea upande mmoja wa ile ngozi, nami nikaketi karibu naye. Akauweka ungo katikati yetu.